Moto Uliotoka Chini ya Gari Langu

Mnaonifuata tangu wiki ya kwanza mnajua kwamba mimi si mtu wa bahati. Mmesoma jinsi mvua ya mawe ilivyofyeka ngano yetu mwaka ule ule tuliooana. Mmesoma habari za kondoo mia nne waliokufa kwa kiu, na za mama mkwe aliyekata roho akiwa hajanisemesha miaka sita. Wengine mmeniandikia barua za kunipa pole, nami nimezisoma zote.

Wiki hii msinipe pole. Yale mengine yalinipata. Hili nililitenda.

Kwa aliyeanza kunisoma leo, naitwa Glenys Tilbrook. Mume wangu ni Lance. Tulikuwa tunalima ngano nje ya Yalberin, mji wenye duka moja, baa mbili na gereji moja, mwendo wa saa nne kutoka jiji la Perth. Ninayoyasimulia yalitokea mwaka themanini na nane, wakati wa mavuno, wiki moja kabla ya Krismasi.

Yalianza na petroli.

Tulikuwa tumenunua gari lenye nyuma ndefu, la kubebea familia ambayo Mungu hakutujalia. Lilikuwa limetumika miaka miwili tu. Magari ya siku zile yalikuwa yamekuja na sharti jipya, kwamba yanywe petroli isiyo na madini ya risasi peke yake. Hata mdomo wa tangi ulifanywa mwembamba makusudi, ili bomba la petroli ya zamani lisiingie.

Lakini shambani tulikuwa na tangi zima la petroli ya zamani, ile yenye risasi, kwa ajili ya lori na pikapu. Kituo cha mafuta kilikuwa kilomita thelathini na nane. Mtu mwenye kisima uani ataenda kuchota mtoni? Nikachukua faneli yangu ya jikoni, nikaichomeka kwenye ule mdomo mwembamba, nikajaza. Gari likawaka, likaenda. Nikajiona mjanja kuliko waliolitengeneza.

Nilifanya hivyo mwaka mzima.

Mwezi wa kumi gari likaanza kuchoka. Kwenye mwinuko wa kwenda maghala ya ngano lilikuwa linahema kama mtu mwenye pumu. Unakanyaga mafuta, linanguruma, lakini haliendi. Nyuma yake linaacha harufu ya mayai viza.

Lance aliingia chini yake akatazama, akatoka na maneno ya baa: kwamba ni lile dude la serikali lililofungwa kwenye ekzosi, ndilo linalonyonya nguvu ya injini. Hakulitoa. Alichotoa ni bati la kukinga joto lililofunika dude lenyewe kwa chini, kwa sababu lilikuwa limelegea na mlio wake ulimkera. Akalitupa kwenye vyuma chakavu.

Gari halikubadilika. Nikalipeleka kwa Ivo Radich.

Ivo ndiye aliyekuwa fundi wa Yalberin yote. Alitoka ng'ambo, Dalmatia, akiwa kijana, akaoa hapa, akazika mke hapa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache hakuyapaka asali. Alishuka kwenye shimo lake chini ya gari, akakaa huko kitambo, kisha akaniita nisogee karibu.

"Dada Glenys, hili gari umelinywesha nini?"

Nikamwambia petroli.

"Petroli ipi?"

Nikatazama kucha zangu. Akaelewa.

Alinieleza palepale, kwa sauti ya mtu anayemweleza mgonjwa kilichomo tumboni mwake. Ndani ya lile dude la ekzosi, lile kopo la chuma, mna masega, kama ya nyuki, vitundu maelfu vya udongo mgumu vilivyopakwa platini. Moshi wa injini huja na sumu. Ukipita kwenye masega ile sumu inaungua, na kinachotoka nyuma ni mvuke na hewa ya ukaa. Masega yakiwa mazima hayanyonyi nguvu ya kumfanya mtu alalamike, baa waseme watakavyo. Lakini risasi iliyomo kwenye petroli ya zamani huyapaka masega kama chokaa kwenye dirisha. Platini haigusi moshi tena, vitundu vinaziba, na injini inakuwa kama mtu anayepumua huku umemziba pua.

Nikamuuliza kama ni hilo tu. Hapo ndipo alipopanda kutoka shimoni na kusimama mbele yangu.

"Si hilo tu. Valvu ya silinda moja imeungua. Petroli ya silinda ile inatoka mbichi, inashuka na moshi, inakuja kuungulia ndani ya masega. Nusu ya masega imekufa. Nusu iliyo hai ndiyo inabeba moto wote. Na lile bati la chini liko wapi?"

"Lance alilitoa."

"Basi nisikilize. Hili kopo linaweza kuwa jekundu kama jiko. Usiliegeshe penye majani. Afadhali uliache hapa. Injini nitaifungua, na masega mapya yatakuja kutoka Perth baada ya wiki mbili."

Nikamwambia wiki mbili ni mavuno. Nani atapeleka chakula shambani, nani atakwenda kuchukua vipuri? Baada ya mavuno nitakuletea, nikasema. Akafuta mikono kwa kitambaa, akanifungulia mlango wa gari. Hakunibembeleza.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa Alhamisi. Saa nne asubuhi tayari chuma chochote kilichoachwa nje hakishikiki. Upepo ulikuwa wa mashariki, ule unaotoka jangwani, unaokausha mate mdomoni. Saa sita redio ikatangaza kwa wilaya yote: hakuna kuvuna, na gari lolote lisiingie shambani hadi jioni.

Dakika haikupita, simu ikalia. Ni Marj Wansbrough, jirani yetu, mama wa miaka sitini na kitu ambaye tangu nifike pale aliniita mwanangu. Mumewe Keith alikuwa amepeleka mzigo wa ngano kwenye maghala. Des Purcell, dereva wao wa mashine ya kuvunia, alikuwa bado anavuna kwenye shamba lililopakana na letu, na redio ya mashine yake ilikuwa imekufa tangu juzi. Yeye Marj hana gari. Je, naweza kumfikishia Des tangazo?

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Kwa barabara, hadi geti la Wansbrough, ni kilomita tisa. Kwa pengo la uzio wetu ni kilomita moja na nusu, yote mabua makavu ya ngano iliyokwisha kuvunwa, marefu kufika gotini. Nilipita penye pengo. Nimebeba tangazo kwamba gari lisiingie kwenye mabua, nami nimeingia kwenye mabua. Mkitaka kunijua mimi ni nani, msisome zaidi ya hapo.

Des aliniona, akasimamisha mashine, akashuka. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mrefu, hana mke wala mtoto, aliyesoma darasa moja na Lance. Kila msimu alikuja na karavani yake, kile kijumba cha kukokotwa na gari, akavuna kwa watu, akaondoka. Mimi sikuzima injini. Gari lile ukilizima likiwa na moto, kuliwasha ilikuwa kazi ya nusu saa.

"Shemeji, kama hukuja na chai rudi ulikotoka," akasema.

Nikampa tangazo. Akasema bora, maana mgongo wake ulikuwa umeshatangaza marufuku tangu asubuhi. Akasema ataipeleka mashine kwenye ardhi tupu aiegeshe huko. Tukasimama tukizungumza, sikumbuki hata nini. Samaki, nadhani. Yeye na Lance walikuwa wamepanga kwenda pwani kuvua baada ya mwaka mpya. Zilipita dakika kumi, injini inanguruma juu ya mabua.

Nikaingia garini, nikaondoka. Nilipofika kama hatua mia mbili, nikatazama kioo.

Moshi wa kwanza ulikuwa pale nilipoegesha. Wa pili ulikuwa mbele yake, kwenye alama ya matairi yangu. Wa tatu ulikuwa karibu yangu zaidi. Mioshi mitatu, imejipanga mstari mmoja, kama mbuzi wanaomfuata mchungaji.

Sikusimama. Nilikanyaga hadi kwenye njia yetu ya udongo, nikashuka, nikainama. Mabua yalikuwa yamenasa juu ya lile kopo, mekundu, yanadondoka moja moja. Nikachukua chupa ya maji niliyokuwa nayo, nikamwaga. Kopo likafoka, likatoa mvuke. Nikayavuta mabua yaliyobaki kwa kijiti, nikayakanyaga hadi yakawa majivu.

Nilipoinuka moto wa mabua ulikuwa na kimo cha mtu. Ile mioshi mitatu ilikuwa imekwisha kuwa ukuta mmoja. Des alikuwa anakimbia na gunia mkononi, akipiga, akirudi nyuma, akipiga.

Nikaenda nyumbani kumwita Lance.

Sitawasimulia moto wote. Upepo ule hauna haja ya msimuliaji. Wanaume walikuja na pikapu zao zenye matangi ya maji, ishirini na zaidi, kutoka kila upande. Keith Wansbrough alirudi kutoka kwenye maghala, akaona shamba lake linawaka, akapanda trekta lenye jembe la kulimia ili akate mstari wa udongo mbele ya moto. Alikata karibu nusu yake. Kisha upepo ukageuka.

Lance alimwona akifunikwa. Akaacha pikapu, akaingia kwa miguu. Alimkuta Keith kwenye usukani na akamtoa, lakini alimtoa maiti. Yeye mwenyewe aliunguza mikono yote miwili hadi kwenye viwiko, na paja moja, na upande wa shingo. Jioni ndege ya wagonjwa ilimchukua kwenda Perth. Sikupata nafasi ya kumwambia neno, maana walikuwa wamekwisha kumpa dawa ya usingizi.

Moto ulikomea relini saa kumi na moja.

Asubuhi yake konstebo alikuja kwangu. Kijana mwenye adabu, kofia mkononi. Alikuwa ameshazungumza na Des, na Des alimwambia ukweli wote alioujua: moto ulianzia karibu na pale aliposimama na mimi, na hajui ulianzaje. Konstebo akakaa mezani kwangu, akafungua daftari. Akaniuliza swali moja tu lenye maana.

"Wakati mnazungumza, Des alikuwa anavuta?"

Watu wote wa Yalberin walijua Des anavuta. Vidole vyake vilikuwa vya njano. Alikuwa anasokota sigara zake mwenyewe, akiongea, akiendesha, akila.

Siku ile, mbele yangu, Des hakuvuta. Hakusokota. Alikuwa ameweka mikono kiunoni akinyoosha mgongo, dakika zote kumi. Hilo nililiona kwa macho haya na ninalijua kama ninavyolijua jina langu.

"Nadhani alikuwa anasokota sigara," nikasema.

Maneno manne. Konstebo akaandika, akanishukuru, akaniuliza kama nina mtu wa kukaa nami wakati mume wangu yuko hospitali.

Mtu haitwi mwongo akisema "nadhani." Hivyo ndivyo nilivyojiambia, nikiosha kikombe cha konstebo. Mume wangu amelala Perth bila ngozi mikononi. Jirani yangu yuko kwenye jeneza. Nikisema ni gari langu, nitaishi wapi? Nitamtazamaje Marj? Des hana mtu. Des ataondoka zake kama anavyoondoka kila msimu. Nilimpima binadamu kwa mizani hiyo, nikaona yeye ndiye mwepesi.

Lakini Des hakuondoka. Alikwenda kwenye mazishi, akasimama nje ya uzio wa makaburi kwa sababu wanaume wawili walisimama getini wakamtazama. Dukani wakamwambia tumbaku imekwisha, naye anaiona rafuni. Mwenye baa, ambako karavani yake iliegeshwa uani, akamwomba ahame. Mtu akatoboa matairi yake yote ili ashindwe hata kuhama. Tukasema ni watoto.

Nasema tukasema, maana nami nilikuwapo, nikitikisa kichwa pamoja na wengine.

Marj alikuja kwangu mara tatu katika wiki zile, mjane, ameniletea keki. Mara ya tatu alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, wewe angalau ulikwenda kuonya. Keith angekushukuru."

Nilikula ile keki.

Baada ya mwaka mpya gari likagoma kabisa. Nilikuwa natoka posta, likakata pumzi katikati ya barabara kuu, mbele ya watu. Ivo akaja na lori lake akalivuta. Nilipofika gereji alikuwa ameshaliweka juu ya shimo na ameshuka. Safari hii hakuniita. Nilisimama pale juu nikimsikia akigusa chuma, akinyamaza, akigusa tena.

Alipopanda alikuwa na vitu viwili. Kwanza kopo lenyewe, amelikata kwa msumeno. Akaligeuza nione ndani. Hapakuwa na sega. Palikuwa na donge, jeusi, limeyeyuka likaganda kama nta ya mshumaa, limeziba njia yote. Chuma cha nje kilikuwa na rangi ya buluu kama shingo ya tausi.

Cha pili kilikuwa kwenye kiganja chake. Vipande vya mabua, vimeungua, vifupi kama njiti za kiberiti.

"Hivi vilikuwa vimebanwa juu, kati ya kopo na sakafu ya gari," akasema. "Uliingia kwenye mabua lini?"

Nikageuza macho kwenye lile donge.

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

Alivifunga vile vipande kwenye karatasi, akaviweka kwenye droo ya meza yake. Kisha akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kuniambia miaka yote, na bado hayakuwa mengi. Kwamba yeye si polisi. Kwamba amemwona Des asubuhi ile akichota maji kwenye bomba la makaburi kwa sababu hana pengine pa kuchota. Kwamba kikosi cha zimamoto kimeitisha mkutano ukumbini Jumamosi ya mwisho ya mwezi, na konstebo atakuwapo.

"Siku hiyo utasimama useme, Glenys. Sitaki kukusemea." Hakuniita dada.

Hata hivyo alilitengeneza gari. Akaweka valvu mpya, masega mapya, na bati jipya la kukinga joto akalikaza kwa bolti nne. Nilipolichukua lilipanda ule mwinuko kama linateremka. Halikunuka chochote. Nililia njia nzima, si kwa toba. Nililia kwa sababu wiki mbili tu za subira ndizo zingetosha.

Lance aliletwa nyumbani siku moja kabla ya mkutano. Mikono ilikuwa kwenye bandeji hadi juu ya viwiko. Nilimlisha supu kwa kijiko. Aliuliza habari za Des, nikamwambia watu wanasema ni sigara yake. Akasema tu kwamba Des ni mzembe kwa mengi, lakini kwa moto hakuwa mzembe. Sikumwambia ni nani aliyesema ameona. Nilikuwa nimepanga asikie yote ukumbini, mara moja, pamoja na wengine. Naapa nilikuwa nimepanga hivyo. Nilikuwa hata nimechagua gauni.

Ukumbi ulijaa. Marj alikaa mbele. Mimi na Lance tulikaa safu ya tatu. Ivo alisimama nyuma karibu na mlango, amevaa tai. Mkuu wa kikosi alisoma majina ya waliosaidia, akasoma jina la Keith, tukasimama kimya, tukakaa. Kisha akauliza kama kuna mwenye neno kabla ya kuendelea.

Nikasimama. Miguu yangu ilinibeba, nawaambia kweli. Nilifungua mdomo.

"Naomba nianze mimi," ikasema sauti upande wa pili.

Ni Des. Sikuwa nimemwona akiingia. Alikuwa amekonda, shati limepigwa pasi, nywele amezichana kwa maji. Alikuwa amesimama kabla yangu au pamoja nami, sijui. Watu wote wakamgeukia.

Alisema kwamba wiki zote hizi amekuwa akijiuliza. Mwanzoni alikuwa na hakika hakuvuta siku ile. Alimwambia konstebo hivyo, na alikuwa anaamini anasema kweli. Kisha konstebo akamwambia kwamba kuna aliyemwona.

"Glenys Tilbrook ninamfahamu miaka ishirini," akasema. "Hana sababu ya kunisingizia. Kama Glenys aliniona nasokota, basi nilisokota. Mtu aliyevuta tangu ana miaka kumi na minne hakumbuki sigara moja moja. Nimefikiri sana, na sasa hata mimi naiona. Naiona mkononi mwangu. Naiona ikianguka. Mkebe wangu wa tumbaku sijauona tangu siku ile; utakuwa uliungua palepale. Nilimuua Keith. Nimekuja kusema hivyo mbele ya mkewe."

Marj aliinamisha kichwa.

Des akatoka kwenye safu yake akaja hadi mwisho wa safu yetu. Alimtazama Lance, akaitazama mikono ya Lance, akashindwa. Akanigeukia mimi. Nilikuwa bado nimesimama, peke yangu katika ukumbi mzima, na watu wote waliamini nimesimama kwa ajili yake.

"Shemeji, nimemuunguza mumeo. Nisamehe."

Nyuma kabisa niliona tai ya Ivo. Aliniangalia. Alikuwa ananisubiri.

"Nimekusamehe, Des," nikasema.

Mtu akaanza kulia, kisha wengine. Wanawake walinishika mabega. Walisema nina moyo wa dhahabu. Konstebo akamkaribia Des taratibu, akamwambia kwa upole kwamba baada ya kusema vile mbele ya watu itabidi waende wote kwenye mji mkubwa kuandika maelezo, maana mtu amekufa. Des akaitikia kwa kichwa. Alionekana ametua mzigo. Alipopita mlangoni Ivo alimpisha, kisha naye akavaa kofia yake, akatoka nyuma yao.

Nilimsaidia Lance kuingia garini, nikamfunga mkanda kwa sababu mikono yake haikuweza. Nikawasha. Gari likaondoka kimya, zuri, kama jipya.

Tulipita relini. Tulipita mahali ambapo nyasi mpya zilianza kuchipua kwenye weusi. Tukauacha mji nyuma kabisa.

"Kwa hiyo aliyemwona ni wewe," akasema Lance.

Nikasema ndiyo.

"Asubuhi ile Des alipita nyumbani, ukiwa bandani kwa kuku. Alisahau mkebe wake wa tumbaku kwenye kiti cha pikapu. Nikautia mfukoni nimpelekee mchana. Ulikuwa mfukoni mwangu nilipoingia motoni. Hospitali waliukata pamoja na suruali, ulikuwa umegandana na paja. Kiberiti chake kilikuwa humo ndani." Aliongea polepole, akitazama barabara. "Sasa niambie, mke wangu. Ulimwona anasokota nini?"

Zilikuwa zimebaki kilomita kumi na nane kufika nyumbani.